Maumivu Kuisha Si Ugonjwa Kuisha: Tunayoyajua Kuhusu Magonjwa ya Viungo na Namna ya Kununua Dawa Zake

Mada iliyotolewa kwa wananchi mjini Bariadi, mkoani Simiyu



Tumekuja kuzungumza juu ya maumivu ambayo karibu kila nyumba inayajua. Ni goti linalogoma wakati wa kuinuka kutoka kwenye kigoda. Ni vidole vinavyoamka vimekakamaa asubuhi hata kikombe cha uji hakishikiki. Ni kifundo cha mguu kinachovimba usiku mmoja na kuwa chekundu kama kimeungua. Mengi ya maumivu haya tumeyazoea kiasi cha kutoyahesabu kuwa ugonjwa. Mkulima wa pamba huyaita uchovu wa msimu, mzee huyaita umri, na wengine huyaita baridi.

Hapo ndipo hatari ya kwanza ilipo. Kwa kuwa hatuyahesabu kuwa ugonjwa, dawa yake nayo hatuinunui kama dawa nyingine. Mtu ambaye hawezi kumeza dawa ya malaria bila kupima damu hununua dawa ya viungo mnadani au ndani ya basi, au huletewa na jirani kwenye karatasi iliyokunjwa, bila cheti na bila kuuliza swali. Wajibu wa Mamlaka yetu ni kumlinda mnunuzi wa dawa. Kwa hiyo leo tunaomba, kwa adabu ya vijana mbele ya wazee, mtusikilize juu ya jambo moja ambalo tungependa kila aliyepo arudi nalo nyumbani: maumivu kuisha si ugonjwa kuisha. Utafiti uliofanywa hapa Afrika Mashariki na kwingineko duniani unatuonyesha kwa nini.

Viungo ni vilevile, magonjwa ni mengi

Tunaposema "ugonjwa wa viungo" au "baridi yabisi", tunatumia jina moja kwa magonjwa mengi yasiyo na asili moja. Tuyataje yale ambayo mkazi wa Simiyu anaweza kukutana nayo.

Upo ugonjwa wa kusagika kwa viungo, ulio wa kawaida kuliko yote. Ncha za mifupa inayokutana kwenye kiungo zimefunikwa na gegedu, tishu laini na yenye kuteleza, mfano wa ile nyeupe tunayoiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu hiyo inapoharibika, mifupa huumizana. Kwa makadirio ya mwaka 2020, watu wapatao milioni 595 duniani waliishi na ugonjwa huu.

Upo ugonjwa wa baridi yabisi wenyewe, ambao si wa kuchakaa. Kinga ya mwili, iliyowekwa kupambana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Mara nyingi huanza kwenye viungo vidogo vya vidole, mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja.

Upo ugonjwa wa jongo, ambao wengi huuita gauti. Asidi ya yuriki ikizidi mwilini hujikusanya ndani ya kiungo kama chembe za sindano, na mara nyingi huanzia kwenye kidole gumba cha mguu.

Yapo pia magonjwa yanayotokana na vijidudu. Brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba, humpata binadamu anayekunywa maziwa mabichi au anayemsaidia ng'ombe kuzaa bila kujikinga mikono. Dalili zake ni homa za kuja na kuondoka, jasho la usiku, na maumivu ya viungo na mgongo. Katika mkoa wa wafugaji kama huu wetu, si ugonjwa wa kusahaulika. Kifua kikuu nacho huweza kukaa kwenye uti wa mgongo au nyonga. Mtoto mwenye selimundu huumwa mifupa na viungo tangu utotoni, na viganja na nyayo zake huweza kuvimba akiwa bado mchanga.

Ndugu wananchi, magonjwa haya yote husema kwa sauti moja, nayo ni sauti ya maumivu. Lakini dawa ya brusela haiwezi kutibu jongo, na dawa ya jongo haiwezi kutibu selimundu. Anayeuza dawa moja ya kutibu "viungo vyote" ama hajui anachouza, ama anajua na hataki wewe ujue.

Yaliyotokea kwetu Afrika Mashariki

Utafiti wa magonjwa ya viungo si jambo la nchi za mbali peke yake. Mojawapo ya magonjwa hayo yanayojulikana zaidi duniani lilipata jina lake hapa nchini. Mwaka 1952 na 1953, kusini mwa Tanganyika, katika uwanda wa juu wa Makonde upande wa Newala, watu walipatwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Wamakonde waliita ugonjwa huo chikungunya, kwa maana ya kitu kinachomkunja mtu, kwa sababu mgonjwa alitembea ameinama. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo yake mwaka 1955, na jina la Kimakonde likabaki katika vitabu vya tiba vya mataifa yote. Leo tunajua kwamba ni kirusi kinachoenezwa na mbu aumaye mchana.

Mwaka 1959, kaskazini mwa Uganda, ndugu wa chikungunya alitokea. Waacholi waliuita ugonjwa huo o'nyong-nyong, jina linalotaja kulegea kwa viungo. Ulisambaa hadi Kenya na Tanganyika, na watu wapatao milioni 2 waliugua kabla haujatulia mwaka 1962. Huu uliletwa na mbu walewale wanaoleta malaria.

Somo la historia hii kwa mnunuzi ni hili. Homa yenye maumivu ya viungo huweza kuwa malaria, dengi, chikungunya au brusela. Anayekimbilia diklofenaki au aspirini kabla ya kupima anaweza kujidhuru, kwa sababu mgonjwa wa dengi yumo katika hatari ya kutokwa na damu, na dawa hizo huiongeza. Mpaka vipimo vitoke, dawa salama zaidi ya kushusha homa na maumivu ni parasetamoli, kwa kiasi kilichoelekezwa. Chikungunya haina dawa ya kuua kirusi chake. Antibayotiki haiwezi kuitibu. Wengi hupona, lakini wapo ambao maumivu huendelea kwa miezi kadhaa, hata zaidi ya mwaka.

Nani yuko katika hatari zaidi

Watafiti wametumia miaka mingi kuwafuatilia watu wale wale ili waone nani huugua na nani hubaki salama. Katika mji wa Framingham nchini Marekani, ambako wakazi wamekuwa wakifuatiliwa tangu mwaka 1948, ilibainika kwamba wanawake waliopunguza takriban kilo 5 za uzito katika miaka 10 walipunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupata ugonjwa wa kusagika kwa magoti wenye dalili. Utafiti mwingine ulipima nguvu inayoliangukia goti mtu anapotembea: kila kilo moja ya mwili inayopungua hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua.

Mtasema: hayo ni ya Marekani, ambako unene ni tatizo la wengi, sisi huku tuna jembe, ndoo na magunia. Ni hoja ya haki. Umri, uzito, jinsia ya kike na majeraha ya zamani huongeza hatari ya kusagika kwa viungo popote pale. Lakini kazi nzito nazo zimo katika orodha: kupiga magoti, kuchuchumaa na kunyanyua mizigo kwa miaka mingi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Mwanamke anayeibeba kichwani kutoka bondeni kila siku, kisha akainama kupalilia pamba, anabeba hatari ambayo vitabu vya ng'ambo havikuandikwa kwa kumtazama yeye.

Ndiyo maana utafiti wa hapa nyumbani una thamani. Mwaka 2021, watafiti wa Moshi wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipita nyumba kwa nyumba katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro. Hawakungoja wagonjwa waje hospitali. Waliwauliza watu maswali nyumbani kwao, kisha wakawaangalia wanavyotembea na wanavyokunja mikono, miguu na mgongo, ili kuwatambua wale ambao hawajawahi kuambiwa kuwa ni wagonjwa. Sababu ni dhahiri: tukihesabu waliofika hospitali tu, tutasema ugonjwa ni haba, ilhali wagonjwa wako mashambani wakijikaza.

Ugonjwa wa baridi yabisi nao una fundisho lake. Mwaka 1975, watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa watu wa vijijini wa jamii ya Watswana na kwa wakazi wa Soweto. Kijijini ugonjwa ulikuwa haba; mjini ulikaribia kiwango cha Ulaya. Kwa hiyo tusiseme kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu, wala kwamba ni laana ya ukoo. Urithi una sehemu yake, lakini mazingira na mwenendo wa maisha navyo vina sehemu, na sigara ndiyo inayothibitishwa zaidi.

Kuhusu jongo, wanaume zaidi ya 47,000 nchini Marekani walifuatiliwa kwa miaka 12, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Waliokunywa bia mbili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari takriban mara mbili na nusu ya wasiokunywa. Nyama nyingi nayo huchangia, na vilevile unene na baadhi ya vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo. Hatusemi mfugaji asile nyama ya ng'ombe wake, wala asiyekunywa pombe asidhani yuko salama kabisa. Tunasema kwamba mwenye jongo anayekunywa bia kila jioni anaulisha ugonjwa anaoutafutia dawa.

Ugonjwa huenda vipi

Sasa tufike kwenye kiini cha mada. Mnunuzi akijua jinsi kila ugonjwa unavyoenda, ni vigumu kumdanganya.

Jongo huja kwa mashambulizi. Shambulio la kwanza huwa kali, kisha mara nyingi hupoa lenyewe ndani ya wiki moja au mbili, hata mgonjwa asipotumia chochote. Kwa hiyo chochote alichotumia siku ya tano, yawe ni majani, mafuta au vidonge vya mnadani, kitasifiwa kuwa kimemponya. Mgonjwa husema kweli kwamba maumivu yaliisha. Lakini asidi bado imo mwilini, na shambulio lijalo huenda likamkuta baada ya miezi. Asipotibiwa, viungo huharibika, na figo huweza kudhurika.

Kusagika kwa viungo huenda kwa miaka, tena kwa kupanda na kushuka. Kuna mwezi wa nafuu na mwezi wa taabu. Watu hununua dawa katika mwezi wa taabu, na nafuu inapokuja kwa zamu yake, sifa huenda kwa muuzaji. Hivi ndivyo shuhuda zinavyozaliwa, na wengi wa wanaozitoa si waongo.

Hapa tuseme neno juu ya bidhaa zinazotangazwa kwamba "zinaongeza ute wa magoti". Nyingi zina glukosamini na kondroitini. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani lililohusisha watu 1,583 wenye maumivu ya magoti. Kwa ujumla wao, waliopewa vidonge hivyo hawakupata nafuu iliyowazidi waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kilichothibitika kusaidia goti ni cha bei nafuu: mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito kwa aliyezidi, na fimbo au mkongojo kwa anayeuhitaji. Wengi hudhani kuwa goti linalouma lisitembezwe. Kinyume chake, goti lisilotembezwa hupoteza misuli inayolishikilia, na huuma zaidi.

Baridi yabisi ndiyo isiyosubiri. Uharibifu wa mifupa huweza kuanza ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kiungo kilichokwisha kupinda hakinyooshwi kwa kidonge. Zipo dawa zinazozuia ugonjwa wenyewe, kama methotreksati, ambazo hutolewa na daktari na kufuatiliwa kwa vipimo vya damu. Lakini dawa hizo huanza taratibu. Mgonjwa huweza kungoja wiki 6 hadi 12 kabla ya kuona nafuu. Muuzaji wa mnadani huahidi nafuu kesho asubuhi, na mara nyingi huitimiza ahadi hiyo. Mgonjwa aliyeridhika na nafuu ya kesho asubuhi huacha kutafuta tiba, na miezi ile ambayo vidole vyake vingeweza kuokolewa hupita.

Homa ya rumatiki huwapata zaidi watoto wa umri wa shule, baada ya koo kuumwa kwa bakteria aina ya streptokokasi. Goti huvimba, kisha kifundo, kisha kiwiko, kana kwamba maumivu yanahama nyumba. Baada ya wiki chache viungo hupona kabisa, na wazazi hushukuru. Lakini moyo huweza kuwa umejeruhiwa vali zake, na kila homa inayorudi huongeza jeraha. Mtoto huyo anahitaji penisilini ya sindano kwa ratiba, kwa kawaida kila baada ya wiki 3 hadi 4, kwa miaka. Anayemnunulia dawa ya kuchua na kutosheka ameuponya mguu na kuusahau moyo.

Dawa inayofanya kazi upesi mno

Kwa nini dawa nyingine za mnadani hufanya kazi usiku mmoja? Mara nyingi ni kwa sababu ndani yake mna dawa ya hospitali iliyofichwa. Mwaka 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wake juu ya bidhaa zilizouzwa kwa jina la Artri King kama virutubisho vya viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Udanganyifu wa namna hii umeonekana katika nchi nyingi.

Deksamethasoni na prednisoloni ni steroidi. Mikononi mwa daktari ni dawa zenye manufaa makubwa, na huokoa maisha. Zikitumiwa kwa siri na kwa muda mrefu, huharibu mwili kwa namna inayofanana na afya. Hamu ya kula huongezeka. Uso hujaa na kuwa wa mviringo. Majirani husema, "Mama amenawiri, dawa imemkubali." Wakati huohuo sukari na shinikizo la damu hupanda, ngozi hulegea, mifupa hupungua nguvu na kuvunjika kwa kuanguka kidogo tu, na kinga ya mwili hushuka hata kifua kikuu kilicholala huamka.

Liko jambo moja zaidi, nasi tunaomba lisikike vizuri. Mwili uliozoea steroidi huacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya namna hiyo. Mtu akiacha ghafla baada ya kutumia kwa wiki nyingi, anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, kushuka shinikizo la damu na hata kufa. Kwa hiyo, kama umetumia dawa ya viungo usiyojua yaliyomo, nawe umeona uso unajaa, usiitupe leo na kukaa kimya. Ichukue pamoja na karatasi yake, nenda hospitali, mweleze daktari ukweli wote. Yeye atakupunguzia hatua kwa hatua. Hakuna atakayekushtaki kwa kuwa ulitafuta nafuu.

Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake nazo zinahitaji heshima, hata zinaponunuliwa kwa halali. Huweza kuchoma tumbo mpaka likatoka damu, kudhoofisha figo na kupandisha shinikizo la damu. Usichanganye mbili za jamii hiyo kwa pamoja ukidhani nguvu itaongezeka. Kitakachoongezeka ni madhara. Sindano yake haiepushi tumbo na hatari hiyo. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, shinikizo la damu au ujauzito asizitumie bila ushauri wa mtaalamu.

Wala hatukuja kuidharau tiba asili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaitambua, na lipo Baraza linalowasajili waganga na dawa zao. Tunachokipinga ni udanganyifu: kidonge cha kiwandani kilichosagwa na kuchanganywa na unga wa mizizi, kisha kikaitwa cha asili. Mganga mwaminifu anadhulumiwa na udanganyifu huo kama mgonjwa anavyodhulumiwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

Uliza: Ninaugua ugonjwa gani, na nani ameuthibitisha? Kama hakuna aliyekupima, unanunua kwa kubahatisha.

Uliza: Dawa hii inaitwaje, na ndani yake mna nini? Jina la biashara halitoshi. Dawa isiyo na maandishi, iliyofungwa kwenye karatasi au chupa ya maji, usiinunue.

Uliza: Je, imesajiliwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi ni lini? Nunua kwenye famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali kilichobandikwa ukutani, na udai risiti. Basi, mnada na mlango wa nyumba si mahali ambapo sheria inaruhusu dawa kuuzwa.

Uliza: Inatuliza maumivu, au inazuia ugonjwa? Zote mbili zina kazi yake, lakini ni haki yako kujua unalipia ipi.

Uliza: Inachanganyika na dawa zangu nyingine? Mtajie muuzaji dawa za shinikizo la damu, kisukari au nyinginezo unazotumia.

Na unapoahidiwa kwamba dawa moja inatibu viungo, kisukari, nguvu za kiume na vidonda vya tumbo, huna haja ya kuuliza zaidi. Endelea na safari yako.

Dalili zisizongoja siku ya mnada

Nenda kituo cha huduma siku hiyo hiyo ukiona kiungo kimoja kimevimba ghafla, kina joto, na una homa. Vijidudu ndani ya kiungo huweza kukiharibu kwa siku chache. Nenda pia mtoto anapovimba viungo vinavyohama au anapokataa kukanyagia mguu, maumivu ya mgongo yanapoambatana na ganzi ya miguu au mkojo kukataa kutoka, na choo kinapokuwa cheusi kama lami wakati unatumia dawa za maumivu.

Usikose kupimwa mapema, ingawa si dharura, ikiwa vidole vyako vinakakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, kwa wiki 6 au zaidi, au ikiwa una homa na jasho la usiku nawe unaishi na mifugo. Maziwa yachemsheni kabla ya kunywa. Hiyo ni kinga isiyohitaji duka.

Neno la mwisho

Tunafahamu kwamba ni rahisi kwetu kusema "nendeni hospitali", na ni vigumu kwa anayekaa mbali ndani ya Meatu au Itilima, mwenye nauli ya kwenda bila ya kurudi. Hatujaja kumlaumu mtu huyo. Lakini tuhesabu pamoja: pakiti moja ya mnadani kila mwezi kwa miaka mitatu ni pakiti 36, na mwishoni mwake goti ni lilelile, huku figo si zilezile. Safari moja ya kujua jina la ugonjwa huweza kuwa ndogo kuliko gharama hiyo.

Ukipata madhara ya dawa yoyote, au ukiitilia shaka, mweleze mtoa huduma za afya ajaze fomu ya taarifa, au tupigie kwa namba iliyoandikwa kwenye jalada la nyuma la kijitabu hiki. Hifadhi pakiti. Taarifa moja kutoka kijiji kimoja inaweza kuiondoa dawa mbaya katika mkoa mzima. Nasi tunawasihi wazee wasikubali kuambiwa kwamba maumivu ni umri tu. Umri huongeza hatari. Haufuti haki ya kupimwa.